Uzi wa Kijani, Uzi Mwekundu

Jumapili, 3 Februari

Baba Kifungo wangu,

Salamu nyingi. Mwanao naye amekusalimu kwa kuipiga kofi karatasi hii, ndiyo maana kona imekunjika. Sisi wazima. Cherehani nayo nzima, ila inalalamika kila nikiipa jinzi.

Habari kubwa ni kwamba mmea wetu wa kunasa nzi umefungua kibuyu! Kile kijiti kilichokuwa kinaning'inia kwenye ncha ya jani kilianza kuvimba kama kidole kilichobanwa na mlango, nikadhani kinaumwa. Asubuhi moja naenda kutazama, kifuniko kimeachia, mdomo uko wazi, na ndani mna maji yake mwenyewe, wala si mimi niliyeyatia. Kifungo anakiita "kombe," anataka kunywea. Nimemwambia kile ni kikombe cha nzi, na nzi akishakunywa humo hanywi tena kwingine.

Nimefanya kama ulivyosema. Ulisema nisitume kibuyu chenyewe kwa sababu kikikauka njiani kinakuwa rangi ya chai iliyolala. Kwa hiyo nimemwaga kopo la nyuzi kitandani, nikazishika mojamoja karibu na kibuyu mpaka nikapata unaofanana. Ndio huu uliofungwa kwenye kikaratasi. Ni kijani cha ganda la ndizi mbichi. Mdomoni tu kuna mstari mwembamba wa waridi, huo sikuupatia uzi.

Na wako ukifungua, nawe unitumie. Nyuzi unazo, nilikukatia kipande cha kila rangi. Siku ile unaondoka ulilikata shina katikati kwa wembe wangu wa kufumulia, nusu yako, nusu yangu, ukasema tutaona nani mlezi. Na ukasema kibuyu cha kwanza kikifunguka huko kwako, nyumba ya wafanyakazi itakuwa tayari na sisi tutakufuata. Mimi sijasahau. Sanduku nimeshalishusha kutoka juu ya kabati. Nguo za Kifungo za baridi zimo, na lile pazia la maua nimelipindia ncha, sijui madirisha ya huko yana upana gani.

Simu bado iko kwa fundi. Vumilia barua.

Mkeo,
Mama Kifungo


19 Februari

Mama Kifungo,

Barua yako nimeinusa kabla sijaisoma. Inanukia mafuta ya cherehani. Nikakaa nayo.

Huku salama. Kazi ni nyingi. Banda la vioo la bustani hii ni kubwa kuliko nilivyowahi kukueleza, na msimamizi wangu ni mtu wa maneno mafupi. Kikopo chetu nimekiweka humo humo bandani pamoja na mimea mingine, chini ya neti nyeusi inayopunguza ukali wa jua, nacho kimefungua kibuyu. Tazama uzi. Ni ule mwekundu uliobaki kwenye gauni la Kifungo. Tumbo lote jekundu, na mdomo umekolea mpaka unakaribia weusi. Ungekiona ungepiga vigelegele.

Nyumba ya wafanyakazi bado inapakwa rangi. Unawajua mafundi wa rangi, ukuta mmoja chai mbili. Usifungashe kwanza.

Sasa nina swali. Wako umekuwaje kijani? Huu si mmea na binamu yake. Ni mmea mmoja uliokatwa vipande viwili, kama mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu yule yule. Ukiona rangi zimeachana hivyo, ujue kilichoachana ni mwanga. Mmea huu ukipata jua la kutosha unaona haya, unaiva wekundu. Ukiwekwa kivulini unabaki kijani. Nami niliuacha kwenye dirisha la chumba chetu cha mbele, ambapo jua linaingia asubuhi na halitoki mpaka umeosha vyombo vya mchana.

Umeusogeza?

Na huyo fundi wa simu anakaa nayo muda wote huu anaifanyia nini? Anaifundisha kusoma?

Mumeo


6 Machi

Mume wangu,

Sijausogeza. Uko pale pale. Labda ni mawingu, maana hapa katikati jua lilikuwa linatoka kama mtu anayedaiwa salamu. Sasa kibuyu cha pili kimefunguka, tena chekundu kabisa. Uzi huo hapo. Umefurahi?

Kifungo anatembea kwa kushika ukuta. Ana neno jipya, "bibi." Kila mtu kwake ni bibi, hata paka wa jirani. Sijui amelitoa wapi.

Nami barua yako niliinusa, nisikudanganye. Yangu ulisema ilinukia mafuta ya cherehani. Yako inanukia maua. Na si maua ya mmea wetu, maana wewe mwenyewe ulisema ukitoa maua yananuka kama soksi za mlinzi. Haya yananukia kama mtu aliyetoka kuoga akajipaka. Nikainusa tena, nikampa na Kifungo ainuse, akapiga chafya.

Bandani mnatumia sabuni gani siku hizi?

Nyumba wamefika ukuta wa ngapi? Niambie tu upana wa dirisha, nisije nikalikata pazia fupi.

Mama Kifungo


20 Machi

Mama Kifungo,

Uzi wako mwekundu nimeulaza juu ya wangu. Ni uzi mmoja, kutoka donge moja. Mmea hauigi mwenzake kwa njia ya posta. Kibuyu hukaa wiki nyingi kikivimba, na hata ungeurudisha juani leo, kitakachofunguka kwanza kingekuwa nusunusu, madoa juu ya kijani, kama mtoto mwenye surua. Hautoki kwenye kijani ukarukia wekundu kama mtu anayebadili blauzi. Kwa hiyo uzi mmoja kati ya nyuzi zako mbili ni wa uongo. Barua ya kwanza uliiandika kwa furaha. Hii ya pili uliiandika ukiwa unatazama mlango.

Kuna jingine. Kinyozi wetu wa pale kona alinipigia simu. Alizunguka kama anavyozunguka kichwa cha mteja, mara mvua, mara bei ya nyembe, nikamwambia, "Bwana, kata." Akakata. Anasema mlangoni kwa chumba cha mbele kuna ndala kubwa, si zako. Akipita asubuhi anasikia mtu anakohoa ndani, kikohozi kizito cha mtu mzima. Na amekukuta dukani unanunua ugoro.

Mimi ugoro sinusi. Wewe umeanza lini? Au ni wa Kifungo?

Nimejaribu kulala na maneno haya, yamekataa kulala nami. Ndala. Kikohozi. Ugoro. Simu isiyopona. Na mmea umeondolewa dirishani kwa sababu dirisha limepata mwenyewe.

Nani analala chumba cha mbele? Nijibu kwa sentensi moja.

Baba Kifungo


2 Aprili

Baba Kifungo,

Sentensi yako hii hapa: siwezi kukuambia, nimeapishwa.

Barua yako niliisomea jikoni nikiwa nimesimama, wali ukaungua. Sikujua kama unaweza kuniandikia hivyo. Mimi niliyekutafunia dawa ulipopigwa na homa, leo unanipima kwa macho ya kinyozi. Ndevu za watu hazimtoshi yule?

Haya, ninayoweza kukiri nakiri. Mmea niliutoa dirishani kweli. Uko jikoni nyuma ya ndoo, ambako mwanga unaingia kwa kubisha hodi. Uzi mwekundu nilikudanganya. Niliona ukijua mmea umehama utauliza kwa nini umehama, na hapo ndipo penye kiapo. Uongo wangu ni huo tu, una urefu wa kidole. Aliye chumba cha mbele hanivunjii heshima wala hakuvunjii wewe. Ukitaka kuamini, amini. Hutaki, sina uzi wa kukutumia kwa hilo.

Sasa zamu yangu.

Barua yako ya mwezi wa pili nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Umesema rangi ni mwanga, hakuna kingine. Nimekubali, umenifundisha. Lakini kwenye barua hiyo hiyo, mistari michache juu yake, umesema kikopo chako kiko bandani chini ya neti nyeusi inayopunguza jua. Nilisoma hapo mara ya kwanza nikapita. Safari hii nikarudi. Kama kiko chini ya neti, uzi wako umetoka wapi? Ule mwekundu unaokaribia weusi? Huo mmea haujawahi kuona neti. Huo uko juani tangu asubuhi, mahali peupe, na kuna mtu anaufungulia pazia.

Tena karatasi inanukia maua. Tena nyumba inapakwa rangi haiishi, utadhani wanampakia mfalme. Tena hata upana wa dirisha nimekuuliza, umekwepa.

Nani amekupa dirisha, baba? Ni pana kuliko langu?

Sanduku nimelirudisha juu ya kabati. Nguo za baridi nimezitoa, maana kwa mwendo huu Kifungo atazipita hazijavaliwa. Bado natumaini, huo ndio ugonjwa wangu tangu utoto. Ila sasa natumaini nikiwa nimekaa. Sitatumaini tena nikiwa nimefungasha.

Mkeo, mpaka utakaponiambia vingine,
Mama Kifungo


10 Aprili

Wewe mwanangu,

Naandikiwa na nesi anayekuja kunifunga kidonda. Mwandiko ni wake, maneno ni yangu, na nimemkataza asiyalainishe.

Mwanaume unayemtafuta ni mimi mama yako.

Ndala kubwa ni zangu, kwa sababu mguu umevimba na viatu vyangu vimenikataa. Kikohozi ni changu, ulikisikia ukiwa bado tumboni, leo unajifanya hukijui. Ugoro ni wangu, na usinihubirie.

Nilianguka uani kwangu nikakaa pale chini mpaka jirani akapita. Niliyemwita ni mkeo. Wewe nilishindwa kukuita, maana siku ya harusi yenu nilisema mbele ya watu kwamba mguu wangu hautakanyaga mlango wako kwa kuwa umeoa msichana wa cherehani asiyemaliza hata shule. Nawe ukasema, "Haya mama, mlango utakusubiri." Basi mguu umekanyaga. Tena huu mbovu ndio ulioingia kwanza.

Alinifuata mwenyewe, mtoto mgongoni. Akanipa chumba cha mbele kwa sababu kina hewa na choo kiko karibu, yeye akahamia kule nyuma na mtoto. Niliyemwapisha ni mimi. Nilitaka mguu upone niondoke zangu kimya kimya, usipate la kunicheka. Simu haiko kwa fundi yeyote, iko chini ya godoro langu, nilikuwa naogopa utasikia kikohozi. Na lile dudu lako la dirishani niliamuru mimi litolewe. Siwezi kulala chumba kimoja na kitu kinachomeza nyama na hakina meno. Mkeo ananiambia, "Mama, mdomo wake haupiti hata kidole." Nikamwambia kitakua.

Leo nimemkuta amekaa kwenye cherehani anakanyaga, kitambaa kinapita, na sindano haina uzi. Machozi yanatiririka. Nimemuuliza analia nini, hasemi, na kumbe chanzo ni kiapo changu mwenyewe! Barua yako ilikuwa juu ya meza. Nesi akanisomea. Nimeona aibu, nesi naye ameona aibu, akafunga bendeji mguu mzima badala ya ule wenye kidonda, ikabidi afungue.

Niliyosema juu ya msichana huyu siku ya harusi nayarudisha. Nayarudisha kidogo kidogo, kwa hiyo usimwambie yote kwa mpigo.

Kiapo nimemfungulia, akanieleza na yeye habari za uzi wako mwekundu. Haya, na wewe sema. Una mwanamke? Nimekuzaa mimi. Ukificha kitu unaanza kuwasimanga mafundi.

Mama yako

(Alama ya kahawia hapo chini ni dole gumba langu lenye ugoro. Ndiyo sahihi.)


27 Aprili

Mke wangu, na Mama, maana najua utasomewa,

Sina dirisha. Nina paa.

Banda la vioo lilivunjwa muda mfupi baada ya mimi kufika. Mwenye bustani alikiuza kiwanja, mimea ikapakiwa kwenye lori, na nyumba ya wafanyakazi ndiyo iliyoangushwa kwanza. Nilisimama nje ya uzio na kikopo changu mkononi kama mtu aliyetumwa maziwa akakuta duka limehama. Msimamizi, kwa yale maneno yake mafupi, alisema, "Basi."

Sasa mimi ni dobi wa hoteli. Nafua mashuka ya wageni, nayaanika juu ya paa, nayapiga pasi. Barua hizi naziandikia juu ya meza ya pasi, ndiyo maana zinanukia maua. Ni sabuni ya hoteli. Hata mkate wangu unanukia maua. Mmea uko kando ya tangi la maji, jua linaupiga kutoka juu, kisha linarudi tena kutoka kwenye mashuka meupe. Umekuwa mwekundu kama mtu aliyetukanwa sokoni. Niliupenda ulivyoiva, nikakutumia uzi wake bila kufikiri, na kwenye karatasi hiyo hiyo nikakutungia neti nyeusi. Ningekuwa mwizi ningekamatwa siku ya kwanza.

Nilishindwa kukuandikia kwamba nyumba haipo. Kila nikishika kalamu naona sanduku lako limeshushwa, naona pazia umelipindia ncha, basi napaka rangi ukuta mmoja zaidi.

Na kwa yale niliyokuandikia mwezi wa tatu sina pa kuweka uso. Nilikuwa nakuuliza nani analala chumba cha mbele, mimi mwenyewe nimejikunja kwenye kibanda cha sabuni, kamba za nguo ndizo dari yangu. Nilikuwa nimeficha, nikaona kila mtu anaficha kama mimi. Nisamehe. Ulibeba siri ya mama yangu mdomoni mwako muda wote ule, ukakubali nikushuku vile nilivyokushuku.

Mama, mlango ulikusubiri. Sijacheka.

Sasa mke wangu, kibanda hiki hakitoshi watu wawili, na ngazi zake mguu wa Mama hauziwezi. Nyumba niliyokuahidi sina. Nibaki nitafute nyingine, au nirudi mikono mitupu? Mara hii sitaki kuamua halafu nikutungie. Amua wewe.

Safari hii situmi uzi.

Mumeo


9 Mei

Baba Kifungo,

Barua nimeisoma kwa sauti. Mama alisikiliza akitazama ukuta. Nilipofika kwenye mashuka alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, akasema, "Huyu? Huyu kitanda chake tu kilikuwa kinamshinda kutandika." Nilipofika pale uliposema mlango ulimsubiri, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akajifanya ugoro umemwingia jichoni.

Kisha akasema, "Kalete hilo dudu."

Nimelirudisha dirishani. Siku ya kwanza alilala amelipa mgongo. Siku iliyofuata nzi mmoja alikuwa anamsumbua kwenye bendeji, anafukuza anarudi, anafukuza anarudi, mpaka nzi mwenyewe akachoka akaenda kutua kwenye mdomo wa kibuyu. Akachungulia. Akateleza. Mama akasema, "Eh." Tangu hapo kila mgeni anaonyeshwa. Dudu amelipa na cheo, analiita Askari, na jana kinyozi alipopita kutuamkia Mama alimwambia, "Ingia, ingia, uje uone hapa kinavyofanywa kidomodomo." Kinyozi akakumbuka ana mteja.

Kifungo ameacha kumwita paka bibi. Sasa anajua bibi ni nani, na bibi anajua kubembeleza, ila nikitokea anaacha.

Simu imetoka chini ya godoro, lakini sikupigii. Haya nataka uyasome.

Nyumba uliyoniahidi niliilia jana, nikaimaliza. Nilikuwa nimeshaipanga, kitanda hapa, cherehani pale. Usifikiri haikuniuma kwa kuwa nacheka. Umeniambia niamue. Nimeamua. Rudi. Mashuka hata huku yapo, na yanachafuka vile vile. Mimi nitashona, wewe utafua, tutaanza na nguo za mtaa huu na hatutamwambia mtu kuwa tuna nyumba ya vioo. Sanduku nimelishusha tena, ila si la safari. Liko wazi, limekaa kando ya kitanda, litakuwa la nguo zako.

Kibuyu kipya kinavimba dirishani. Bado kimefumba mdomo, hakijasema kitatoka rangi gani. Uzi sikutumii, njoo ukione mwenyewe.

Lakini nikuambie mapema, kushuku sijamaliza. Ulinianzisha wewe, na kitu hiki hakitoki kwa kufua mara moja. Kila shati utakalokuja nalo nitalinusa, na Mama amesema atalinusa baada yangu. Kikopo chako kishike mkononi njia nzima, usikipakie chini ya mizigo. Tutaviweka dirisha moja, changu na chako, jua moja, maji ya mvua kutoka ndoo moja, na tutasubiri vitakavyofunguka hapo.

Kimoja kikitoka tofauti na mwenzake, mmoja wetu atahamia jikoni nyuma ya ndoo.

Mkeo,
Mama Kifungo